Maili 327: siku sita nikiutafuta mwaka 1899

Siku ya 1, Jumamosi. Mombasa

Ami yangu hajui kilomita. Alifanya kazi ya reli zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo ukimwambia unakwenda mahali bara atakupa maili. Tsavo, mia moja thelathini na mbili. Nairobi, mia tatu ishirini na saba. Kisumu, mia tano themanini na mbili, na hapo hufumba macho kidogo kama mtu aliyetoa salamu ya mwisho ya swala.

Nilikwenda kumuaga kwake Tudor. Nikamwambia nafuata reli ya zamani, stesheni kwa stesheni, kuutafuta mwaka 1899.

"Mwaka watafutwa vipi, mwanangu? Kwani umepotea?"

Nilijaribu kumweleza. Waingereza walitangaza himaya yao hapa mwezi wa Juni 1895, baada ya kampuni ya William Mackinnon, iliyoiendesha nchi hii kabla yao, kuishiwa na pesa. Lakini miaka ya mwanzo serikali hiyo ilikuwa jambo la pwani: Kamishna wake, Arthur Hardinge, alikaa Unguja, na kazi kubwa ya kwanza ilikuwa kupigana na Mbaruk bin Rashid wa Mazrui mpaka akakimbilia upande wa Wajerumani mwaka 1896. Bara palikuwa na maboma machache tu, kila moja likisubiri msafara. Mwaka 1899 ndio serikali ilipopanda treni ikahama. Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nimebeba maji kiasi gani.

Kwa wanaopenda usahihi: neno "koloni" lilikuja baadaye sana, mwaka 1920, na hata wakati huo ukanda wetu wa maili kumi wa Sultani wa Unguja uliendelea kuitwa himaya. Na mwaka 1899 Naivasha na Kisumu zilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902, ndiyo maana tuna kitu kiitwacho Reli ya Uganda ambacho chote kilijengwa ndani ya Kenya ya leo.

Jioni nilizunguka Mji wa Kale. Ngome ya Yesu, ambayo watalii huingia wakiwa na kofia zao pana, mwaka ule ilikuwa jela. Iligeuzwa gereza mwaka 1895. Kilindini, ambako mhandisi George Whitehouse alilaza reli ya kwanza tarehe 30 Mei 1896, sikuweza kufika karibu kwa sababu ni bandarini na askari wa lango hakuwa na hamu ya historia. Stesheni kuu ya zamani iko kimya tangu treni ya abiria ihamishiwe Miritini. Nilichungulia tu getini. Taruma moja ya chuma ilikuwa imelazwa ukutani kama benchi, na vijana wawili wameikalia wakicheza simu. Walitumia mataruma ya chuma kwa sababu mbao bara zingeliwa na mchwa kabla ya treni ya pili kupita.

Siku ya 2, Jumapili. Mariakani, Taru, Mackinnon Road

Matatu ya alfajiri. Kondakta aliniambia nauli moja nikipanda na nyingine nikishuka, na sababu aliyotoa ni mzigo wangu, ambao ulikuwa begi la mgongoni.

Mariakani nilikunywa chai kwa mama mmoja Mgiriama, mtu mzima, anayeuza mahamri kando ya barabara. Nilimuuliza kama wazee wake walikuwa na jina la miaka ile ambayo reli ilipita. Hakufikiri hata kidogo.

"Si Magunia?"

Nilikuwa nimelisoma jina hilo, lakini kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu, huku anageuza mahamri kwenye mafuta, ni kitu kingine. Njaa ya kuanzia 1898 mpaka 1900 Wamijikenda waliiita Magunia, kwa sababu chakula cha msaada kilikuja na magunia. Watu walikuwa na majina ya njaa nyingi, na walipanga umri wao humo: fulani kazaliwa njaa ile, fulani kaolewa njaa hii. Mama huyu alisema nyanya yake alizaliwa "Magunia yakiisha". Mimi nilikuja na tarakimu nne, na yeye ana neno ambalo ndani yake mna mchele.

Kutoka Samburu kwenda mbele miti inakuwa mifupi na yenye hasira. Hii ndiyo Taru, nyika ambayo wapagazi wa misafara waliiogopa kuliko wanyama. Palikuwa na maji ya mvua yaliyobaki kwenye mashimo ya mawe, ngurunga, na msafara uliokuta ngurunga zimekauka ulikuwa na hesabu mbaya ya kufanya. Wajenzi wa reli walilazimika kuletewa maji kwa treni, nyuma ya reli waliyoilaza wenyewe wiki iliyopita.

Mackinnon Road nilishuka kwa sababu ya karai.

Pale kando ya reli kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, fundi aliyekuja kutoka Punjab kujenga reli. Wasafiri wengi, Waislamu na wasio Waislamu, husimama wakaomba dua kabla ya kuendelea na safari. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akibeba udongo, karai lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa, na wenzake walipoona wakajua si mtu wa kawaida. Mimi si mtu wa karama sana. Lakini nimewahi kubeba karai la kokoto kwenye ujenzi wa nyumba yetu, nikiwa na miaka kumi na saba. Ukingo wake wa bati hukata utosi hata ukiweka ngata. Ikifika saa nne shingo inakuwa si yako. Kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini watu waliobeba makarai kutwa walimpa mtakatifu wao muujiza huo na si mwingine. Hawakumwona akitembea juu ya maji. Walimwona akipumzishwa shingo.

Kutoka India walikuja wafanyakazi kama 32,000 kwa mikataba, katika muda wote wa ujenzi. Karibu 2,500 walikufa, kwa homa, kuhara, ajali, madonda ya funza. Karibu 7,000 walibaki wakawa watu wa hapa. Ndani ya msikiti palikuwa na baridi ya vigae. Mzee aliyekuwa akifagia alinionyesha mahali pa kuweka viatu, akaniuliza natoka wapi, akaendelea kufagia.

Nililala Voi. Nyumba ya wageni ilikuwa na beseni la kupendeza na bomba lisilotoa kitu. "Maji yamekatika tangu juzi," alisema kijana wa mapokezi, akaniletea nusu ndoo. Nilioga kwa kikombe nikiwakumbuka watu wa Taru.

Siku ya 3, Jumatatu. Tsavo

Kila mtu ameandika kuhusu simba wa Tsavo, nami sitaongeza mengi. Simba ni habari ya 1898: kuanzia Machi mpaka Desemba walikuwa wakiwatoa watu kwenye mahema usiku, mpaka John Patterson, mhandisi wa daraja, akawaua wote wawili mwezi wa Desemba, kwa kupishana siku ishirini. Ngozi zao aliziuza mwaka 1924 kwa makumbusho ya Chicago, dola 5,000, na wako huko mpaka leo, madume wawili wasio na manyoya shingoni. Patterson baadaye alidai walikula watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima mifupa na nywele zao, wakakadiria watu kama 35. Thelathini na watano wanatosha.

Linalonihusu mimi ni kwamba daraja lenyewe lilimalizika Februari 1899. Simba walipata umaarufu, daraja likapata kazi. Lililopo leo si lile hasa, maana Wajerumani walilipua wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na likajengwa upya. Nilikaa juu ya mawe ya mto kama nusu saa. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyochemka kupita kiasi. Nyani mmoja aliniangalia kama mtu anayemdai.

Siku ya 4, Jumanne. Kibwezi na Makindu

Kibwezi nilishuka kwa ajili ya mtu mmoja. Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa Kabete, alikamatwa na watu wa kampuni mwaka 1892, akafungwa minyororo, akasukumwa kuelekea pwani, akafia hapa njiani mwezi wa Septemba. Alikuwa akipelekwa kwetu. Jambo hilo lilinikaa kooni kuliko nilivyotarajia: kwamba Mombasa ilikuwa mahali pa kupelekwa mtu ili apotee.

Hapa hapa Kibwezi misheni ya Waskoti ilianza mwaka 1891, malaria ikaipiga, na mwaka 1898 wakahamia Thogoto, Ukikuyu, wakidhani wanakwenda kwenye hewa nzuri. Walifika njaa ikiwa imetangulia.

Makindu kuna gurudwara ya Masingasinga, iliyojengwa 1926, na yeyote anayepita barabara hii anajua kwamba pale hulipi chakula. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa cha rangi ya chungwa, unapewa sahani ya chuma yenye vyumba, unaketi. Chapati, dengu, wali, chai tamu. Mbele yangu aliketi dereva wa lori, mzee Mkamba mwenye mvi za kukatwa vizuri, akila taratibu kama mtu anayejua safari iliyobaki.

Nilimuuliza lile swali langu.

"Hiyo ni Ngomanisye," alisema. "Yua ya Ngomanisye. Maana yake ilienda kila mahali. Hakuna kijiji ilichoruka."

"Wazee walisimulia?"

"Walisimulia kidogo. Ukimwona mtu amekaa na njaa ya kweli, hasimulii sana." Alivunja chapati. "Ng'ombe walikwisha kwanza. Halafu mvua. Halafu ndui."

Huo ndio mfululizo wenyewe, na wataalamu wameuandika kwa maneno marefu zaidi. Sotoka ilifyeka mifugo katika miaka ya 1890, mvua zikakosa kuanzia 1897 na 1898, nzige wakaja, kisha ndui ikawakuta watu hawana nguvu. Na katikati ya nchi hiyo, mwaka 1898 na 1899, ndipo reli ilipopita. Wafanyakazi walilishwa kwa mchele ulioletwa kwa meli kutoka India. Kwa hiyo kila siku treni zilipita Ukambani zimebeba magunia ya mchele, zikielekea mahali reli ilipofikia, na kando ya tuta walikaa watu wanaoziangalia.

Nilimwambia mzee kwamba pwani mwaka huo unaitwa Magunia. Akaacha kutafuna.

"Basi nyinyi mliyaona yakishuka melini," alisema. "Sisi tuliyaona yakipita."

Aliinuka, akaosha sahani yake mwenyewe, akaiweka kwenye rundo. Sikupata hata jina lake.

Siku ya 5, Jumatano. Sultan Hamud, kisha Nairobi

Asubuhi nilifanya upuuzi. Nilikuwa na tiketi ya treni mpya kutoka Emali, lakini nikapanda matatu nikapitiliza mpaka Sultan Hamud kwa sababu ya jina, kisha nikarudi Emali mbio. Sultani mwenyewe ni Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala 1896 mpaka 1902, na mji ulipewa jina lake kwa kuwa alikuja kuiona reli ilipofika hapo. Naomba mwenye kujua kuchora amchore: Sultani aliyeketishwa kwenye kiti na Waingereza, akiwa na joho na jambia, katikati ya nyasi za Wamaasai, akitazama chuma kinachokwenda kule ambako amri yake haikuwahi kufika kwa uhakika. Leo pana maduka ya nyanya na vitunguu, na vumbi la malori. Nilinunua nyanya.

Madaraka Express inapita juu ya nguzo zake, na kutoka dirishani reli ya zamani inaonekana chini, imejikunyata, ikikata kona ambazo mpya inaziruka. Nilipita Kima. Mwaka 1900 afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala kwenye behewa hapo akimvizia simba mla watu, usingizi ukamshinda, simba akaingia behewani akamchukua kupitia dirisha. Na mwisho wa safari ni Syokimau, jina la nabii wa Kikamba ambaye inasimuliwa aliona nyoka mrefu akitoka maji hadi maji. Kituo kikubwa cha nyoka mpya kimejengwa karibu na jina lake. Sijui kama waliopanga walikusudia, lakini nilicheka peke yangu na jirani yangu akasogea kidogo.

Nairobi, basi. Reli ilifika tarehe 30 Mei 1899, miaka mitatu kamili baada ya Kilindini, kwenye maili 327. Hapakuwa na mji. Palikuwa na kinamasi cha mafunjo na mto ambao Wamaasai waliuita wa maji baridi. Walipachagua kwa sababu za fundi: uwanja wa mwisho ulio tambarare kabla ya mlima, pana maji, pana nafasi ya kugeuza injini na kujenga karakana. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka huo huo. Halafu John Ainsworth, aliyekuwa akiendesha serikali kutoka Machakos, naye akafuata reli na mafaili yake. Machakos ilibaki pembeni, na watu wa huko hawajasahau. Mwambie mtu wa Machakos kwamba Nairobi ni mji mkuu wa kwanza bara uone.

Mji uliojengwa kama gereji una matatizo ya gereji. Maji machafu hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, na dawa ya serikali ikawa kulichoma moto soko zima. Nilikuwa nikilifikiria hilo jioni, mvua ya Nairobi ilipoanza, na Barabara ya Haile Selassie ikawa mto kwa dakika kumi. Kinamasi bado kinalijua eneo lake.

Jumba la makumbusho la reli nililifikia dakika arobaini kabla ya kufungwa. Behewa la Ryall lipo. Ni dogo sana. Nilidhani nitamwaza simba, nikajikuta nampima mtu aliyelala: kitanda, dirisha, na umbali kati yake, ambao ni mkono mmoja.

Ami alipiga simu usiku. "Umefika mia tatu ishirini na saba?" Nikasema nimefika. "Basi, anza kupanda," akasema. "Hapo ndipo mlima unapoanza."

Siku ya 6, Alhamisi. Kikuyu

Mwishoni mwa 1899 reli ilikuwa ikipanda nchi ya Wakikuyu kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Walipofika ukingoni, mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba kwa muda mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma, moja likishuka huku jingine likipanda kama ndoo za kisimani. Nilitaka kufika huko. Sikufika, kwa sababu Kikuyu nilikutana na shosho mmoja sokoni na asubuhi ikaisha.

Alikuwa na nduma, viazi vitamu, na redio ndogo. Nilipomuuliza kuhusu mwaka, alizima redio.

"Ng'aragu ya Ruraya," alisema.

Nilirudia vibaya, akanirekebisha mara mbili. Njaa ya Ruraya. Nikasema neno la mwisho silijui.

"Hulijui?" Alinitazama kama mtu anayemshuku mteja wa noti kubwa. "Umetoka wapi?"

"Mombasa, shosho."

"Basi unalijua. Ni lenu. Nyinyi husema Ulaya."

Ruraya ni Ulaya, iliyopita kwenye ulimi usiokuwa na L. Walilipata wapi? Kwa watu wa misafara, yaani Waswahili wa pwani, wapagazi na askari wa kampuni, waliopiga kambi Dagoretti na Fort Smith tangu 1890 wakinunua nafaka, na wasiponunua wakichukua. Wakikuyu waliuzia misafara chakula kingi miaka ile, kisha wakawauzia wajenzi wa reli, na mvua zilipokosa maghala yalikuwa yamekwishapungua. Njaa, ndui na wageni vikafika pamoja, wakavipa jina moja. Na jina hilo waliliazima kwetu. Nilimwangalia shosho nikiwa na hakika kwamba anasubiri niseme kitu, lakini alikuwa akinichagulia nduma.

"Watu walikwenda Murang'a kutafuta chakula," alisema. "Wengine wakarudi. Wakakuta shamba lina mtu."

Hapo hakuwa akisimulia tena ya 1899. Ilikuwa 1902 na miaka iliyofuata: sheria ya ardhi za Taji, na walowezi wakigawiwa Kiambu na Limuru, nchi iliyoandikwa kuwa tupu kwa sababu wenyewe walikuwa wamekufa au wamekwenda kutafuta mahindi kwa shemeji. Charles Eliot, Kamishna aliyemrithi Hardinge, alitaka Wazungu wenye kuilima ardhi ili reli ijilipe, kwani ilikuwa imekula pauni zaidi ya milioni 5. Njia ikishajengwa ilibidi itafutiwe mzigo.

Nilinunua kilo mbili. Alinifungia kwenye mfuko wa simenti uliokatwa, akafunga kwa kamba ya katani, akakataa kunirudishia shilingi kumi kwa sababu, alisema, hiyo ni ya kunifundisha neno.

Simu ililia nikiwa stendi. Ami.

"Uko maili ya ngapi?"

Nilisema nimepita mia tatu ishirini na saba, lakini si kwa mbali, na kwamba nina nduma.

"Nduma za Kikuyu?" Alinyamaza kidogo. "Usizifunge na nyanya, zitaoza njiani."